Kusoma msimu wa kifo kwenye mizizi ya meno ya wanyama: mwongozo kwa wachimbaji wa Kanda ya Ziwa

Jino la swala au mbuzi kutoka kwenye tabaka la miaka 3,000 iliyopita linaweza kuonyesha kama mnyama alikufa wakati wa mvua au wakati wa kiangazi. Kwa upande wetu wa ziwa, kuanzia Mwanza hadi Magu, Ukerewe na Sengerema, sharti ni moja: uwe na meno ya wanyama wa leo, wa eneo hilihili, ambao tarehe yao ya kufa inajulikana. Bila hayo utahesabu mistari vizuri kabisa na hutajua unahesabu nini. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu machinjioni kabla ya kuingia maabara.

Unasoma nini hasa

Enameli, ganda gumu la taji (sehemu ya jino inayotokeza juu ya ufizi), ikishakamilika haiongezeki tena, huchakaa tu. Mzizi ni habari nyingine. Umefunikwa na tabaka jembamba liitwalo sementamu, ambalo hushika nyuzi zinazolifunga jino kwenye tundu la taya. Mnyama anatafuna kila siku, na nyuzi lazima zishikwe upya, hivyo sementamu huongezeka maisha yote kutoka ndani kwenda nje. Malisho yakiwa mazuri hujengeka ukanda mpana. Yakiwa haba au magumu, ukuaji hupungua na hubaki mstari mwembamba wenye madini mengi zaidi. Mnyama akifa, ujenzi unasimama palepale, na ukanda wa nje kabisa ndio wenye jibu la msimu.

Mbinu yenyewe ilianzia kwa wanabiolojia waliotaka kujua umri wa sili (mamalia wa baharini) mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha wanaakiolojia wakaichukua. Majaribio ya Daniel Lieberman kwa mbuzi, yaliyochapishwa miaka ya 1990, yalionyesha kwamba ubora wa lishe na ugumu wa chakula vyote viwili vinaacha alama kwenye sementamu. Hilo la pili lisisahaulike: mbuzi anayeguguna mabua makavu ya mtama anaweka alama ya mabua pamoja na ya njaa.

Shida yetu ni kalenda. Vitabu vingi vya mbinu hii vimeandikwa kwa nchi zenye baridi kali, ambako majira ya baridi ni mamoja kwa mwaka na mstari ni mmoja. Mwanza tuna vuli kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei, kiangazi kirefu Juni hadi Septemba, na katikati ya mvua hizo mbili kuna kipindi cha Januari na Februari ambacho mwaka mmoja hukauka na mwaka mwingine hunyesha karibu moja kwa moja. Karibu na ikweta mnyama anaweza kuweka mistari miwili kwa mwaka. Anaweza pia kuweka mmoja ulio wazi na mwingine hafifu, au aruke kabisa ule wa Februari. Ukichukua kanuni ya mstari mmoja kwa mwaka ukaibandika kwenye jino la Magu, umri utakaoupata huenda ukawa mara mbili ya ule wa kweli, na msimu utakuwa wa kubahatisha.

Vibali kwanza

Kwa meno ya uchimbaji unahitaji kibali cha mambo ya kale chini ya sheria ya 1964 na marekebisho yake. Watafiti wengi huhitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Andika wazi kwenye maombi kwamba jino litakatwa, maana kibali cha kuchimba si ruhusa ya kuharibu. Kwa wanyamapori wa leo, jino la nyumbu uliloliokota kando ya barabara karibu na Ndabaka, lango la magharibi la Serengeti, ni nyara ya serikali. Usilitie mfukoni hata kama limelala pale miaka mitatu. Pitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na mamlaka ya wanyamapori kabla ya kugusa chochote. Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawana mlolongo huo, na ndio sababu nyingine ya kuanza nao.

Kukusanya meno ya kulinganishia

Lenga mbuzi watano kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, jumla sitini. Ukipata kondoo au ng'ombe kwa idadi hiyohiyo ni vizuri zaidi, maana mbuzi ni mla majani ya vichaka na anaweza kukikwepa kiangazi kwa namna ambayo ng'ombe wa nyasi hawezi. Kukusanya sitini kwa wiki moja hakusaidii kitu. Utakuwa na picha moja iliyopigwa mara sitini.

Omba taya la chini, si kichwa. Kichwa kina bei yake kwa sababu kinakwenda kwenye supu, na ukikidai kizima utalipia supu ya watu. Patana na mchinjaji mapema jinsi ya kulitoa taya: wengi hulipasua katikati kwa shoka, na pigo hilo huvunja mizizi ya meno ya mbele na wakati mwingine hupasua gego la kwanza. Mwombe akate kwenye maungio ya nyuma kwa kisu. Usichukue taya lililokwisha chemshwa. Saa kadhaa za sufuria hulegeza ukingo wa nje wa sementamu, na ukingo huo ndio uliokupeleka machinjioni.

Chukua kutoka kwa mnyama aliyepita kwa mkaguzi wa nyama peke yake. Kimeta na brusela si hadithi, na mzoga wa mnyama aliyekufa mwenyewe kijijini hauna nafasi kwenye mkusanyiko huu hata kama ungejaza mwezi uliopungua. Vaa glavu wakati wote wa kutoa nyama.

Kwa kila taya andika papo hapo:

- tarehe ya kuchinjwa, jinsia, na kama jike alikuwa na mimba au ananyonyesha;
- alikoishi mwaka mzima uliopita, si mnada alikonunuliwa. Mbuzi wa mnadani anaweza kuwa ametoka Simiyu au Shinyanga juzi, na mvua za huko si za Ukerewe;
- alikuwa analishwa nini. Uliza mahususi kuhusu mashudu ya pamba na pumba. Mfugaji anayetoa mashudu Agosti anaufuta mstari wako wa kiangazi;
- umri kwa kauli ya mwenye mnyama. Watu hawakumbuki tarehe lakini wanakumbuka kazi: "alizaliwa tukiwa tunapanda pamba" inakupa kati ya katikati ya Novemba na Desemba;
- idadi ya meno ya mbele yaliyobadilika: mawili, manne, sita au manane. Mbuzi hubadilisha jozi ya kwanza akiwa na mwaka mmoja na kitu, na hukamilisha manane karibu na miaka minne.

Swali moja zaidi wengi hulisahau: je, alichomwa sindano ya oksitetrasaiklini, na lini? Dawa hii hutumika sana kwa mifugo, na inashikana na kalsiamu mahali ambapo jino linajengeka siku hizo. Ukimulika kipande kwa mwanga wa urujuanimno utaona mstari wa njano unaong'aa. Kama daftari la mtoa huduma wa mifugo lina tarehe ya sindano, umepata alama yenye tarehe ndani ya jino lenyewe, na unaweza kuhesabu ni mistari mingapi imejengeka toka siku hiyo mpaka siku ya kuchinjwa. Jino moja la namna hiyo linaweza kumaliza mjadala wa mstari mmoja au miwili kuliko meno kumi yasiyo nayo. Usimchome mnyama kwa ajili ya utafiti bila daktari wa mifugo na bila kuheshimu muda wa kusubiri kabla nyama haijaliwa. Tafuta waliokwisha kuchomwa kwa matibabu.

Kusafisha: toa nyama kubwa kwa kisu, weka taya kwenye ndoo ya maji ya kawaida, funika kwa chandarua kuzuia inzi, badilisha maji kila baada ya siku tatu nne. Kwa joto la Mwanza wiki mbili hadi tatu zinatosha meno kulegea. Usitumie jiki. Klorini hula kolajeni (protini iliyo ndani ya jino) na kuacha ukingo wa unga. Lebo ya karatasi itaoza ndani ya siku chache, hivyo kata kipande cha kopo la soda, andika namba kwa kuchonga na msumari, na kifunge kwa waya kwenye taya.

Kuchagua jino la kale

Meno yaliyomo bado ndani ya taya ni bora kuliko yaliyolala huru kwenye udongo, kwa kuwa tundu la taya limelinda mzizi na unajua ni jino lipi la mnyama yupi. Gego la kwanza la kudumu ndilo la kupendelea. Kwa mbuzi huota karibu na miezi mitatu, kwa ng'ombe karibu na miezi mitano hadi sita, kwa hiyo lina kumbukumbu ndefu kuliko magego ya nyuma. Chagua aina moja ya gego na ushikamane nayo kwa mkusanyiko wote, wa leo na wa kale.

Acha meno ya utoto. Acha yaliyoungua, rangi ya kijivu au buluu kwenye dentini (mwili wa jino ulio chini ya enameli na sementamu) inatosha kulikataa. Acha pia wanyama wazee sana wenye taji lililokwisha kabisa: kanda zao za mwisho hubanana kiasi kwamba huwezi kutenganisha ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Udongo unaamua mengi kabla yako. Makazi ya chini ya miamba katika mkoa huu, kama Nyang'oma na Chole yaliyochapishwa na watafiti Soper na Golden mwaka 1969, yako katika nchi ya mawe ya matale, na mchanga unaotokana na mawe hayo huelekea kuwa na asidi. Asidi hula sementamu kutoka nje. Malundo ya magamba ya konokono na kome, kama yale ya wavuvi na wawindaji wa kale wa Kansyore (jina la aina ya vyungu vyao) upande wa Nyanza nchini Kenya, yana chokaa inayopunguza asidi, na meno yake mara nyingi hutoka na mizizi mizima. Kama una machimbo yenye tabaka za aina zote mbili, anza na yale ya magamba.

Kuna pia ziwa lenyewe. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yalifika tena juu sana. Tabaka lililolowa na kukauka mara nyingi lina meno yenye nyufa za nywele zinazofuata mpaka kati ya sementamu na dentini, na yakikauka haraka mezani sementamu hubanduka yote kama ganda la kitunguu. Meno ya namna hiyo yatoe na udongo wake, yafunge kwenye mfuko uliotobolewa matundu machache, yakauke kivulini kwa wiki moja au mbili.

Usilisugue jino la kale kwa mswaki. Maji safi na brashi laini ya rangi vinatosha kwenye taji. Mzizi uuache na udongo wake mwembamba. Udongo utauona kwenye hadubini na hautakudanganya. Ukingo uliosuguliwa utakudanganya.

Kabla ya kukata

Piga picha pande zote zikiwa na kipimo, pima urefu na upana wa taji, na tengeneza nakala ya silikoni kama unayo. Kama kuna mpango wa kupima isotopu, radiokaboni au DNA, sampuli hiyo itoke sasa, kabla epoksi (rezini ya kimiminika inayokauka kuwa ngumu na kulishika jino wakati wa kukata) haijagusa jino. Hakuna njia ya uhakika ya kuiondoa epoksi yote baadaye.

Kulizamisha kwenye epoksi

Tumia epoksi nyepesi inayotiririka, ile ya maabara. Rezini ya kutengenezea boti za faiba inayouzwa madukani mjini inavutia kwa bei, lakini hiyo kwa kawaida ni poliesta: husinyaa inapokauka, hujivuta kutoka kwenye mzizi na huondoka na ukingo wa nje. Itumie kufanyia mazoezi ya kukata, si kwa sampuli.

Pima rezini na dawa ya kukazia kwa mizani ya kusoma gramu 0.01, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na kwa uzito kama kopo linasema uzito. Kukadiria kwa macho ndiko chanzo cha vipande vingi vibovu. Dawa ikizidi, kipande hakikazi vizuri. Ikipungua, kipande hubaki na unata na msasa unaziba. Koroga taratibu kwa dakika mbili hadi tatu, ukikwangua kuta za kikombe.

Jino liwe kavu kabisa. Mwezi wa Aprili hewa ya ziwani ina unyevu wa kutosha kuharibu kazi, kwa hiyo liweke siku mbili kwenye boksi lenye silika jeli kabla. Weka jino kwenye kikombe cha plastiki kilichopakwa mafuta mepesi, mimina hadi lizame, kisha tia kwenye chombo cha pampu ya kuvuta hewa kwa takriban dakika kumi mpaka mapovu yapungue. Rudisha hewa polepole. Umeme ukikatika katikati, fungua vali ya chombo mara moja, la sivyo mafuta ya pampu yanaweza kurudi nyuma na kuingia kwenye sampuli. Acha saa 24 kwenye joto la chumba. Glavu za nitraili ni lazima, kwani epoksi mbichi huleta mzio wa ngozi usioondoka.

Kukata na kusaga

Sehemu unayoitaka ni theluthi ya juu ya mzizi, chini tu ya shingo ya jino. Hapo sementamu haina seli na mistari yake imenyooka. Ncha ya mzizi na eneo la katikati ya mizizi miwili lina sementamu nene yenye seli. Inavutia kwa macho kwa sababu ni pana, lakini hujengeka kwa mbio na kwa kukatizwa, na mistari yake haifuati msimu kwa uaminifu.

Kata kwa msumeno wa mwendo wa polepole wenye diski ya almasi ya unene wa milimita 0.3 hivi, mizunguko 150 hadi 250 kwa dakika, ukipozwa kwa maji. Kata kwa urefu wa mzizi, kutoka upande wa shavu kwenda upande wa ulimi, ili upate mzizi wote wa mbele katika uso mmoja. Uache uzito wa mkono wa msumeno ufanye kazi. Ukisukuma, diski itapinda na kipande kitatoka na umbo la kabari.

1. Lainisha uso uliokatwa kwa msasa wa maji namba 600, kisha 800, kisha 1200, kwenye kioo bapa. Osha kati ya namba na namba. Chembe moja ya 600 iliyobaki inachora mikwaruzo ambayo kwenye hadubini inafanana na mistari.
2. Kwaruza kioo cha slaidi kwa msasa namba 600, gundisha uso uliolainishwa kwa epoksi, weka uzito juu, subiri saa 24.
3. Kata tena ukiacha mikroni 200 hadi 300 juu ya kioo (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita).
4. Saga mpaka kati ya mikroni 100 na 30, kwa mwendo wa namba nane, ukigeuza slaidi robo mzunguko kila mara. Kuanzia mikroni 120 pima kwa maikromita na tazama hadubini kila baada ya mizunguko michache.
5. Maliza kwa unga wa alumina wa mikroni 1.

Unene sahihi ni ule ambao mistari inaonekana vizuri zaidi, na hautakuwa uleule kwa meno yote. Jino la kale lililojaa madini huenda likataka mikroni 40. La leo linasomeka kwenye 80. Hatua ya nne ndiyo inayomaliza sampuli nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu kati ya kipande kizuri na kioo kitupu kuna sekunde chache za kusaga. Sitisha mapema. Unaweza kurudi kwenye msasa, huwezi kurudisha jino.

Meno ya leo yanaweza kuyeyushwa madini kwa asidi na kupakwa rangi, na picha zake ni nzuri sana. Usifanye hivyo hapa. Meno ya kale kwa kawaida hayana kolajeni ya kutosha kwa njia hiyo, na ukishatumia njia mbili tofauti huwezi tena kulinganisha pande mbili. Juu ya hayo, asidi inafuta ile alama ya oksitetrasaiklini.

Kwenye hadubini

Anza na lenzi ya mara 10 bila kichujio. Tafuta mpaka wa dentini: chini yake kuna ukanda wa chembechembe nyeusi unaofuata mzizi. Kuanzia hapo kwenda nje ndiyo sementamu. Kisha weka vichujio vya polaraiza (vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu), panda hadi lenzi ya 20 au 40, na zungusha meza.

Andika daima ni mwanga wa aina gani. Kanda zinazoonekana angavu kwa mwanga unaopita chini zinaonekana nyeusi kwa mwanga unaorudi kutoka juu, na watu wawili wanaweza kubishana wiki nzima kuhusu rangi ilhali wanaona kitu kilekile. Salama zaidi ni kutaja upana: ukanda mpana na mstari mwembamba.

Mstari wa kweli unafuatika kando ya mzizi kwa angalau nusu milimita, unakwenda sambamba na ukingo, na unakatwa na nyuzi zinazopita kwa ulalo. Mikwaruzo ya msasa hunyooka na kuvuka hadi kwenye dentini. Madoa ya chuma na manganizi huanza nje na kufifia kuelekea ndani, tena huingia kwenye nyufa. Vijidudu vya udongo huacha vitundu vinavyoungana kuwa mawingu meusi. Madini yaliyojipanga upya ndiyo mabaya kuliko yote, kwani yanaweza kutengeneza kanda safi zilizo sambamba. Utayajua kwa sababu ukizungusha meza chini ya polaraiza nyuzi haziwaki na kuzimika kwa mpangilio wake wa kawaida. Jino kama hilo litupe kwenye orodha ya "halisomeki", hata kama picha yake ni nzuri kuliko zote.

Kisha kuna mtego wa ukingo. Mahali ambapo jino linakutana na epoksi mwanga hupinda na kutengeneza mstari mkali, mweusi au mweupe, ambao mgeni wa kazi hii anauhesabu kama mstari wa kiangazi. Zungusha kitufe cha kulenga juu na chini polepole. Mstari wa mwanga unahama, unaingia ndani au unatoka nje. Mstari wa jino unafifia na kurudi palepale. Kama mkusanyiko wako wote umetoka "kiangazi", rudia jaribio hili kwenye kila slaidi kabla ya kufurahi.

Kupima na kuamua

Piga picha mahali pasipopungua patatu kwenye kila mzizi na pima kwa programu ya ImageJ, ambayo ni ya bure. Kanda hizi ni za mikroni chache hadi ishirini hivi, kwa hiyo pikseli moja ina maana. Sawazisha kipimo cha programu kwa kila lenzi ya hadubini.

Kama ukanda wa nje ni mpana, gawanya upana wake kwa wastani wa kanda kamili zilizotangulia, zidisha kwa 100. Ukanda wa nje ukiwa mikroni 9, na mbili zilizotangulia 14 na 12, wastani ni 13 na jibu ni asilimia 69. Lakini hapa ndipo kalenda yetu inaingia. Kama meno yako ya leo yameonyesha mistari miwili kwa mwaka, kanda za vuli na za masika zinaweza kuwa na upana tofauti kabisa. Linganisha ukanda wa mwisho na ule ulioruka mmoja nyuma, sio wa jirani.

Usigawanye zaidi ya sehemu tatu: mwanzo wa ukuaji, katikati, mwisho, na ya nne ni mstari mwembamba wenyewe. Anayetoa tarehe ya wiki kutokana na mikroni 9 anajidanganya. Na kabla ya kutafsiri jino lolote la kale, fanya jaribio la macho yaliyofungwa: mtu mwingine azipe slaidi za leo namba mpya, wasomaji wawili wazisome kila mmoja mara tatu siku tofauti, halafu mlinganishe na tarehe za machinjio. Msipofikia makubaliano mazuri kwa mbuzi mnaojua walichinjwa lini, hamtayafikia kwa tohe wa kale. Ripoti kiwango chenu cha makosa pamoja na matokeo.

Kwa umri, idadi ya miaka iliyosomwa ongeza muda wa jino kuota, kisha linganisha na uchakavu wa taji. Mistari minane kwenye jino lenye uchakavu wa mnyama wa miaka minne ni ishara nzuri ya misimu miwili kwa mwaka.

Wanyama gani watasema zaidi

Wale wanaokaa kwenye mafunjo na majani mabichi ya ufukweni, kama nzohe na kiboko, wana tofauti ndogo ya chakula kati ya masika na kiangazi, kwa hiyo tarajia mistari hafifu. Nyamera, punda milia na nyumbu wa nyika kavu wanatarajiwa kuwa wazi zaidi. Nyumbu ana faida ya pekee kwa machimbo yaliyo karibu na Ghuba ya Speke: makundi ya Serengeti huzaa karibu na Februari kusini mwa hifadhi na mengi hupita ukanda wa magharibi katikati ya mwaka. Meno ya nyumbu waliokufa Juni ni jambo la kutarajiwa. Meno ya Desemba yangekuwa na swali kubwa zaidi, aidha kuhusu njia za nyumbu zamani au kuhusu usomaji wako.

Hesabu wanyama, si meno. Magego matatu ya taya moja ni kifo kimoja. Chini ya wanyama kumi kwa tabaka usiseme zaidi ya "baadhi walikufa masika". Na kutokuwepo kwa meno ya msimu fulani si uthibitisho kwamba watu hawakuwepo. Watu wa Kansyore walivua sana, na inawezekana kabisa msimu ambao huoni nyama ya mwitu ndio uliojaa samaki. Tazama mawe ya masikio ya samaki na mifupa ya ningu na kambale, ambao hupanda mito wakati wa mvua, kutoka tabaka lilelile kabla ya kuandika kwamba kambi ilihamwa. Isotopu za oksijeni kwenye enameli zinasaidia pia, mradi ukumbuke zinazungumzia wakati taji lilipojengeka, si siku ya kifo.

Kuhifadhi

Andika namba ya jino kwenye kioo kwa kalamu ya almasi, si kwa kalamu ya wino, maana spiriti ya kusafishia huifuta. Hifadhi kipande kilichobaki cha jino ndani ya epoksi pamoja na slaidi, ili mwingine aweze kukata upya. Slaidi zenye alama ya oksitetrasaiklini zikae gizani kwenye boksi lililofungwa na zitazamwe kwa dakika chache tu kila mara, kwa sababu mwanga unaufifisha ule unjano. Meno ya kale na slaidi zake yarudi kwenye taasisi iliyotajwa kwenye kibali, pamoja na daftari la machinjio na takwimu za mvua za kila mwezi kutoka kituo cha karibu cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa miaka ambayo mbuzi wako waliishi.